Siku ya Nne na Siku ya Saba

Kazi yangu kwenye maonyesho ya mdogo wangu ilikuwa beseni. Beseni kubwa la plastiki, la bluu, lile la kufulia. Nililiweka juu ya dawati mlangoni mwa darasa, na kila aliyeingia alizima simu yake na kuiacha humo. Asiyejua kuizima nilimzimia. Aliyebisha nilimwonyesha njia ya kurudi kwake. Juu nilifunika kitenge, maana wapo waliosahau, na simu moja ikianza kuita chini ya nyingine, kila mtu anadhani ni yake. Darasa zima linageuka kuangalia mlangoni na wimbo umeshakufa.

Hilo lilikuwa sharti lake la pekee: asirekodiwe. Mimi niliona ni maringo na nilimwambia. "Wewe ni nani hasa, mpaka watu wa Tlawi wakuibie sauti?" Alicheka tu, akaendelea kukaza nyuzi. Sharti lingine lilikuwa la mwalimu mkuu wetu. Darasa tungepewa Jumamosi mchana, ila kila msikilizaji aje na kipande cha kuni cha kupikia uji wa wanafunzi. Kwa hiyo watu waliingia wakiwa na kuni mkono mmoja na simu mkono mwingine, na mimi nikawa bwana forodha.

Onyesho lenyewe, kama hujaliona, ungesema kuni yako imepotea bure. Mdogo wangu aliingia bila kutangazwa, na sweta lake la kijivu, akavuta kiti cha mwalimu mpaka karibu na ubao, akakaa upande, uso ukielekea ukutani. Sisi tukabaki na sikio lake na bega. Hakusema habari zenu. Hakuuliza kama tupo. Alianza kupiga polepole gitaa la zamani la kwaya ambalo parokia ilikuwa imelitupa stoo, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba watu waliacha kukohoa wenyewe. Wazee na makoti yao, akina mama na vitenge mabegani, vijana wa bodaboda, wote wamejikunja kwenye madawati ya darasa la nne, magoti hayana pa kwenda, na hakuna aliyelalamika. Nje ukungu umekaa uwanjani. Saa nzima darasani kwangu hamkusikika kitu ila gitaa na mtu mmoja anayejisemea mambo yake.

Jumamosi ya kwanza mtu mmoja alipiga makofi wimbo ulipoisha. Wenzake walimgeukia kama mtu aliyecheka kwenye ibada. Hakurudia. Badala yake watu walianza kuguna, mguno wa chini, wote pamoja, ule ambao kwetu watu huitikia nao mzee anaposimama kutamka maombi marefu ya kuombea nchi. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Mimi mwenyewe nilijikuta ninaguna, na mkono uko juu ya beseni.

Nimejiuliza sana walifuata nini. Si kwamba huku hatuna nyimbo. Kwaya tunayo, harusi zina nyimbo zake, msiba una nyimbo zake, na tunaimba kwa nguvu kweli. Lakini zote hizo ni za pamoja, unaimba ukiwa umebanwa na mwenzako kushoto na kulia. Hakuna wimbo wa mtu kusema mimi, mimi peke yangu, nimechoka. Ukisema hivyo nyumbani utaulizwa umechoshwa na nini, shamba lenyewe hujamaliza kupalilia. Mdogo wangu alisema hayo kwa niaba yao, tena akiwa amewageuzia mgongo, kwa hiyo hakuna aliyeona nani analia.

Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi alinisimamisha njiani Jumatatu, amekasirika.

"Mwalimu, nani amemwambia huyo kijana habari zangu na kaka yangu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani amemwambia?"

Nilimweleza kwamba wimbo ule ulihusu mlango usiofunga vizuri. Hamna kaka humo, hamna shamba la urithi, ni mlango tu na upepo. Aliniangalia kama ninamficha kitu, akaenda zake akitikisa kichwa. Jumamosi iliyofuata alikuja wa kwanza, na kuni mbili. Nesi wetu wa zahanati, mwenyeji wa Tanga, mwanamke aliyelalamikia baridi toka Januari mpaka Desemba, aliniambia kwamba saa ile ndiyo pekee kwa wiki nzima ambayo hajioni mgeni. Kila mmoja aliondoka akiamini ameimbwa yeye. Nami nikawarudishia simu zao wakiwa na macho mekundu, wananipigia kelele kwamba nimewachanganyia.

Kuhusu kuugeukia ukuta, wengine walisema ni aibu, wengine wakasema ni usanii. Wasomi wetu wawili watatu wakaleta nadharia. Mimi nilijua sababu, na sikuisema kwa mtu. Aliuzoea ukuta wa nyumba yangu.

Miaka kadhaa kabla ya hapo nilijifungua mtoto wa kiume. Aliishi siku tisa. Alikuwa hajabatizwa wala hajapewa jina, tulikuwa tunamsubiri baba yake arudi kutoka Babati alikokuwa akifanya kazi. Baba alirudi, lakini alirudi kuzika. Walikuwa watatu, yeye na wazee wawili, nyuma ya nyumba, kwa muda ambao chai haijachemka. Hakukuwa na turubai. Hakukuwa na kwaya. Hakuna aliyepika kitu. Kwetu mtoto wa namna hiyo haliliwi hadharani. Siku ya tatu mume wangu akarudi kazini, na sisi hatukuachana kwa ugomvi. Simu zilipungua tu, mpaka zikaisha.

Kisha ikaja metimani, mwiko wa kumtenga aliyefiwa. Watu watakwambia mambo hayo yalikwisha, sisi ni Wakristo, na ni kweli hakuna aliyenitamkia neno hilo. Ila pia hakuna aliyekuja. Zamani nyumba iliyofiwa na mtoto mchanga ilitengwa. Mama asipite kwenye mashamba ya watu, asisogelee mifugo wala kisima, asije akawaambukiza wengine mkosi wake, mpaka mvua nyingine zinyeshe. Siku hizi tunajifanya tumeacha, lakini miguu yetu haijaacha. Jirani yangu wa upande wa juu, mwanamke tuliyekuwa tukiazimana chumvi, alikuwa akipita mbele ya mlango wangu kila asubuhi kwenda kisimani. Nilimwona kwa upenyo wa dirisha akianza kuzungukia chini, kwenye tope, na ndoo yake kichwani, anateleza, anashika majani, mradi tu asipite kwangu. Mama yangu mzazi alituma salamu. Mwenyewe hakuja. Alikuwa na ng'ombe mwenye mimba.

Nilikuwa kwenye likizo ya uzazi. Nilikaa nayo yote, siku kwa siku, peke yangu ndani, sina mtoto.

Aliyekuja ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Tumepishana miaka kumi na moja, nimembeba mgongoni huyo, nimempangusa kamasi. Mama alimwapisha asivuke kizingiti changu, na yeye, mtu wa kutii mpaka unamwonea huruma, hakuvuka. Aliacha ndoo ya maji mlangoni, akazunguka upande wa dirisha, akaweka kigoda, akaegemea ukuta kwa nje. Dirisha lilikuwa la mbao na nililifunga. Alikuwa na lile gitaa. Lilikuwa limepungukiwa uzi mmoja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Zipo siku ambazo hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu yote na binadamu. Baadaye nikaanza kusema. Mimi niko ndani kitandani, yeye yuko nje, kati yetu matofali. Usichoweza kumwambia mtu usoni, ukuta unakuruhusu. Nilimweleza mtoto wangu siku moja moja, kila siku na kitu chake, maana sikuwa na kingine cha kueleza. Mtu wa siku tisa hana habari nyingi. Mdogo wangu hakusema pole, hakusema Mungu ndiye anayejua. Aligusagusa nyuzi zake tano huko nje mpaka nilipomaliza, halafu akasema, "Kesho nitaleta maji mapema." Nadhani aliniokoa. Nilitakiwa kumwambia hivyo na sijawahi.

Mvua zikaja, likizo ikaisha, nikarudi kufundisha. Watu wakanisalimia kana kwamba nilikuwa safari. Jirani akarudi kwenye njia yake ya mbele ya mlango, akaja kuazima chumvi. Nikampa. Ungetaka niseme nini?

Sasa rudi darasani, Jumamosi moja ya maonyesho yale. Mdogo wangu alikuwa ameshaimba nyimbo nne. Akausogelea ukuta zaidi, na akaanza wimbo ambao sikuwa nimewahi kuusikia.

"Siku ya kwanza mvua ilikupigia bati, ukafikiri ndivyo dunia inavyosema."

Lile bati ni langu. Siku ya pili moshi wa jikoni, chafya mbili. Alizihesabu zile chafya, na ni kweli zilikuwa mbili. Aliendelea hivyo, siku baada ya siku, bila jina la mtu, bila kusema ni wapi. Alimwita mgeni tu. "Mgeni wa siku tisa, tulikuwa hatujakuuliza jina." Sijui nilisikia nini na sikusikia nini. Masikio yalikuwa yananipiga kelele. Ninachokumbuka ni darasa, mabega yanatikisika, mzee wa ng'ombe amejifunika uso kwa kofia, na jirani yangu, yule yule, kwenye dawati la pili, analia na kitenge mdomoni. Ilipoisha siku ya tisa hawakuguna. Walikaa tu. Walikuwa matangani, na hakuna aliyejua matanga ni ya nani.

Nilirudisha simu. Nilimpa mtu simu ya mwenzake na sikujali.

Asubuhi, baada ya misa, jirani akaja mlangoni. "Mwalimu, ule wimbo wa mtoto! Yaani sijalala. Huyo mama, popote alipo, namwonea huruma jamani."

Nilimwangalia. Yupo mita mbili kutoka pale alipokuwa akikata kona kushuka kwenye tope. Hakuwa ananichezea shere, hilo niliona. Hakujua, maana hakuwahi hata kuuliza mtoto wangu aliishi siku ngapi. Mtoto wangu alikuwa ameingia moyoni mwake mara moja, kwa kuimbwa, yeye aliyeshindwa kuingia kwangu na neno la pole. Nilipatwa na hasira ambayo sijaipata tena. Nikamwambia uji wangu unaungua, nikafunga mlango. Sikuwa na uji.

Nilipanda kwa mama mbio mbio. Mdogo wangu alikuwa jikoni anakunywa chai. Sikumsalimu.

"Nani alikutuma?"

Alijua ninazungumzia nini. Aliweka kikombe chini. "Hakuna aliyenituma, dada."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Mtoto ni wako? Umemzaa wewe?"

"Nilitaka wamlilie," akasema. "Hawakumlilia."

Kama angejitetea ningempiga. Kusema vile ndiko kulikonitoa akili. Nikamwambia hawana haki ya kumlilia, haki hiyo waliiacha kwenye tope, na yeye hana haki ya kuwagawia kitu changu kwa kipande cha kuni. Nikamwambia alete daftari. Alikuwa na kaunta buku moja ya nyimbo zake zote. Nikautafuta ule ukurasa, nikauchana, nikausukuma kwenye mafiga. Wala sikuusoma. "Na kwenye simu?" Alikuwa amejirekodi mara moja, kwa ajili ya kukumbuka tuni. Akanionyesha, akafuta mbele yangu. "Umefuta?" "Nimefuta." "Usiuimbe tena." "Sawa, dada." Mama alikuwa amekaa hapo pembeni anachambua maharage, na hakuinua uso hata mara moja.

Mdogo wangu aliutii mdomo wangu kama alivyoutii wa mama. Hakuuimba tena. Ila tuni ilibaki, maana tuni huwezi kuichoma, na mwaka uliofuata akaitia maneno mengine. Yakawa ya mapenzi. Msichana anakuja, anakaa siku tisa, anaondoka. Siku ya kwanza ulinipa namba, siku ya pili ukanitumia picha. Akaenda studio mjini, akarekodi. Jamani, ule wimbo ulikimbia! Redio, bodaboda, vibanda vya chipsi. Wanafunzi wangu waliuimba wakifagia uwanja, waliuimba foleni ya uji, na mimi nikiwa nasahihisha madaftari nikajikuta nautikisia mguu. Nilijisikia vizuri hata. Nilijiambia, haya, siri yangu imerudi nyumbani, na kijana amepata riziki yake.

Darasani hakuimba tena. Nesi aliniuliza Jumamosi zetu zimeenda wapi. Nikamwambia mdogo wangu amekuwa mtu mkubwa. "Ule mpya nimeusikia," akasema. "Mzuri." Alivyolitamka hilo mzuri, nilijua hataununua. Muda si mrefu akapata uhamisho akarudi pwani.

Basi mdogo wangu akaalikwa Endasak, uwanja wa mpira, siku ya gulio, mchana. Akanipigia: "Dada, njoo." Nikaenda, na beseni langu. Mjinga mimi! Nimelibeba kwenye basi, nimelipakata mapajani mpaka Endasak. Kijana wa getini akalitazama. "Mama, hilo la nini?" Nikamwambia la simu. Akawaita wenzake waje wasikie. Sikuwalaumu. Kulikuwa na watu wametoka mpaka Hirbadaw, wamepakiana watatu watatu kwenye pikipiki, na kila mmoja ameshika simu yake juu. Nikaligeuza beseni nikalikalia.

Mlima Hanang ulikuwa umejifunika wingu. Jukwaa lilikuwa katikati ya uwanja, halina ukuta upande wowote. Mdogo wangu akatoka na koti la kung'aa, akatuangalia usoni, akasema, "Endasak mpooo?" Nikaona aibu, siwezi kuficha. Watu walipiga kelele. Alipoanza wimbo hawakumwacha auimbe, waliuchukua wao, uwanja mzima, wanaruka, nami nikasimama nikaimba nao. Nilifurahi kweli. Siku ya tatu ukaniposti, siku ya nne ukaniita bebi.

Hapo hapo, mdomo uko wazi, nikajiuliza: ya nne ilikuwa nini?

Si ya msichana. Ya kwangu. Nikatafuta. Niliyaona mabati, nikaona moshi. Ya tatu jua lilipita kwenye upenyo wa dirisha akafumba jicho moja. Ya nne, ukaniita bebi. Nikajaribu tena toka mwanzo, haraka, mvua, moshi, jua, ukaniita bebi. Watu wanarukaruka wananisukuma. Nikakaa chini kwenye beseni, nikaziba masikio. Msichana mmoja akaniinamia, "Shikamoo mama, unaumwa?" Nikamwambia jua limenipiga. Jua lenyewe halikuwepo.

Kesho yake, Jumapili mchana, mdogo wangu alipita kwangu kuniletea sukari na sabuni, kama wanavyofanya watu wakipata. Sikumkaribisha chai.

"Niimbie ule wa zamani."

Alielewa. Alichezea funguo. "Ulisema nifute, dada."

"Najua nilichosema."

"Nikafuta."

"Kichwani pia ulifuta?"

Alichukua gitaa kwenye pikipiki, na badala ya kuingia akazunguka upande wa dirisha, akabeba na kigoda, na mimi bila kuambiwa nikaingia ndani nikakaa kitandani nikafunga lile dirisha la mbao. Watu wazima sisi, mmoja ana mvi. Akaanza. Sauti yake ilikuwa ile ile ndogo ya darasani, na nilianza kulia kabla ya neno la kwanza.

Ya kwanza alikuwa nayo, ya pili alikuwa nayo. Ya tatu nilimkumbusha mimi. Ya nne akanyamaza, nikasikia vidole vinatafuta, akarudi nyuma, akaikimbilia tena, akanyamaza. Ya tano ng'ombe wa jirani alilia na mtoto akarusha mikono juu, hiyo tuliipata pamoja. Ya sita nilimtoa mlangoni kwenye ukungu, nikamwambia hii ndiyo Tlawi, baba, usitegemee zaidi. Ya saba, hakuna. Ya nane alinishika kidole cha kushikia chaki, hakutaka kukiachia. Ya tisa haihitaji kukumbushwa.

"Dada, uliniambia zote tisa," akasema nje. "Nilikuwa nazo. Naapa nilikuwa nazo zote." Alikuwa analia yeye sasa. "Nikitafuta inakuja ile nyingine."

"Hata kwangu."

"Nilitafuta maneno ambayo hayatamuumiza mtu."

Nilimwambia hakukosea. Kosa ni langu na nilimwambia hivyo pia. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa beseni, nimehakikisha hakuna simu hata moja ya Tlawi yenye sauti ya mwanangu, halafu nikamalizia na moto.

Ilibaki njia moja na nilijua ni ipi. Nilikaa wiki mbili nikiikwepa. Mzee wa ng'ombe alikuwa ameshafariki, nesi yuko Tanga na namba yake haipatikani. Siku ya kumi na tano nikavuka uzio kwenda kwa jirani. Alikuwa anapukuchua mahindi. Akanipa kigoda, akaulizia shule. Nikamuuliza kama anaukumbuka wimbo wa mtoto, wa kule darasani, miaka ile.

"Naukumbuka nilivyolia."

"Maneno je?"

"Mwalimu, wa nini tena?"

"Yule mtoto ni wangu," nikasema.

Mikono yake ilisimama kwenye bunzi. Nilimwona anahesabu, anairudia ile njia ya tope yote, ndoo na yote. Sikumsaidia. Kuna sehemu yangu iliyokuwa ikingoja dakika ile kwa miaka, na ilipofika haikuwa na utamu wowote.

"Pole," akasema. "Pole na mtoto, mama."

"Nimeshapoa," nikajibu, kama inavyojibiwa. Uongo mtupu.

Alifuta macho kwa mkono wenye vumbi la mahindi. Halafu akasema, polepole, kwamba anakumbuka mahali pamoja ambapo watu walicheka katikati ya kulia. "Ya nne. Alikukojolea gauni la kanisani, ukacheka, ukasema umebatizwa wewe kabla yake."

Sikukumbuka kicheko chochote darasani. Sikukumbuka gauni. Nilirudi nyumbani nikafungua sanduku, na gauni lipo, la maua ya njano, nililokuwa nikilivaa mwaka ule. Doa halina. Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa mwanamke yule amenitungia pale pale, kwa huruma au kwa kuogopa macho yangu. Nimeamua kuichukua. Ya saba nilimwuliza, akatikisa kichwa.

Mdogo wangu siku hizi akipita Tlawi huzunguka dirishani na kuniimbia, mimi peke yangu, simu yake nimeiweka kwenye beseni jikoni. Mara moja aliniuliza kama aitungie ya saba kitu kidogo, chochote, ijaze nafasi. Nikamkataza. Kwa hiyo anamaliza ya sita, ukungu wa mlangoni, na ya saba anapiga nyuzi bila maneno. Mimi ndani nimefumba macho, naitafuta siku nzima ya mwanangu, alikula, alilala, alitazama kitu fulani, na kinachonijia ni uwanja wa Endasak wote unaruka, na mimi katikati yao nikiimba kwa sauti kwamba siku ya saba alinizimia simu.